Walipokuja Kutuuliza Kama Tumekula

Ghala la kijiji lilikuwa tupu, na ndiyo sababu tuliruhusiwa kulitumia kama darasa. Ndani mlinuka vumbi la mahindi ya misimu iliyopita. Wanawake walikaa juu ya viroba vilivyokunjwa, migongo ukutani, na mimi nilisimama mbele yao kando ya karatasi kubwa niliyoibandika kwa gundi ya unga, kama tulivyofanya shule ya msingi. Unga ule nilimwomba asubuhi mama mkubwa niliyefikia kwake. Alinipimia kijiko kimoja, akakitazama, akanipa. Leo nikikumbuka kijiko kile natamani kujificha.

Kwenye karatasi palikuwa na nguzo nne za rangi. Kila nguzo ilionyesha kaya ngapi za kijiji hiki cha Mkange zilijibu nini zilipoulizwa kuhusu chakula: kipo cha kutosha, kinapungua kidogo, kinapungua sana, hakuna kabisa. Nguzo ya kwanza ilikuwa ndefu mno, karibu iguse ukingo wa juu. Ya mwisho ilikuwa fupi kiasi kwamba nilihofu watu wa nyuma hawataiona, nikaizungushia wino mweusi. Nilikuwa nimeichora upya chati hiyo mara nyingi, kwa sababu kila nilipoitazama niliona mstari mmoja umepinda. Haukupinda. Najijua, na bado huwa siwezi kuacha.

"Haya," nikasema, "nani ataniambia hii nguzo ndefu inasema nini?"

Mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha akainua kidevu. "Inasema tumeshiba."

Ghala zima likacheka. Nami nikacheka, kwa furaha ya mwalimu: wameisoma! Hata nusu saa haijaisha na wameisoma!

"Nani kawaambia tumeshiba?" mwingine akauliza.

"Si ni sisi wenyewe! Hukumbuki wale vijana wa gari jeupe, waliokuja na maswali? Wewe si ndiye uliyewakaribisha na maji ya kunywa?"

"Ah, wale!"

Kicheko kikapungua taratibu, mtu mmoja mmoja, mpaka nikabaki natabasamu peke yangu mbele ya nguzo zangu.

Sina budi kueleza nilivyofika pale. Nimekulia mjini Bagamoyo, kwenye mitaa ya zamani, kwa watu wa baba ambao ni wafanyabiashara. Mama ndiye mtu wa Mkange. Nilipomaliza kidato cha nne sikuendelea, nikaajiriwa kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi. Huko ndiko nilikojifunza majedwali, kwa kuchapa kazi za watu, na yale nisiyoyaelewa nikayafuata kwenye video za simu, spika ya sikio moja ikiwa imekufa. Hakuna aliyenifundisha. Kwa hiyo mpaka leo naogopa kwamba kuna jambo moja la msingi ambalo kila mtu aliyesoma analijua isipokuwa mimi, na siku moja litanidondokea mbele za watu. Nikituma ujumbe naurudia kuusoma mpaka maneno yapoteze maana. Safu ya tarakimu isipokaa sawa naianza upya. Nilizipenda namba kwa sababu niliamini haziwezi kunichukia.

Mradi mmoja ulipotafuta vijana wa kuwafundisha wananchi wa kawaida kusoma takwimu zinazowahusu, maji yao, zahanati yao, shule yao, chakula chao, niliomba, nikapata. Nikachagua Mkange kwa sababu dada mkubwa wa mama yangu anaishi huko. Nilipita Makurunge nikatazama miwa ya shamba la kumwagilia ilivyosimama kijani, nikasema moyoni, mwaka huu neema ipo. Ndivyo nilivyokuwa nasoma mambo.

Nyumba ya mama mkubwa ilikuwa na watu wanne baada ya mimi kufika: yeye, wajukuu wake wawili wa kike ambao mama yao anafanya kazi za ndani Dar es Salaam, na mimi. Mvua zilikuwa zimekosa misimu miwili, na kidogo kilichoota kililiwa na nguruwe pori. Asubuhi tulikunywa uji mwepesi. Jioni muhogo, au bada, ugali wa muhogo, kidogo na majani. Alinipakulia mimi na watoto, kisha akasema, "Kuleni, mie nimeshakula huko jikoni." Nilimwamini. Nilikuja kufundisha watu wasiamini namba bila kuuliza imetoka wapi, na jikoni kwa mama mkubwa sikuuliza chochote. Nilichelewa sana kugundua kwamba sahani yake haikuwahi kulowa.

Jioni baada ya lile darasa nikamuuliza. Alikuwa anachambua mchicha pori.

"Mama mkubwa, wale vijana wa gari jeupe walifika hapa?"

"Walifika. Kijana mmoja mwenye adabu zake. Aliniamkia vizuri, akakaa hapo ulipokaa."

"Akakuuliza kama kuna siku mmelala bila kula?"

"Aliuliza."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamjibu Alhamdulillah."

"Lakini hamkuwa na kitu!"

Akaniangalia kama mtu anayemtazama mtoto aliyeingia msikitini na viatu. "Mwanangu, mgeni anakuja, anakaa kwenye mkeka wako, anakuuliza kama umekula. Utamwambia sijala? Si utakuwa unamwomba? Na yeye kaja mikono mitupu, utamtia aibu. Kuna sitara, mama. Mtu husitiri nyumba yake."

Nikajaribu kueleza. Nikamwambia lile halikuwa swali la salamu, lilikuwa swali la kazi, jibu lake linaingia kwenye simu, linajumlishwa na majibu ya wengine, linakuwa nguzo. Akanisikiliza kwa upole mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Sasa kama si salamu, kwa nini aliliuliza kwa sauti ya salamu?"

Hilo hakuna video iliyokuwa imenifundisha. Nilichojua mimi ni kwamba takwimu huchafuka kwa mapengo, kwa majina yaliyorudiwa, kwa umri wa mtu kuandikwa mia tatu. Hizi za Mkange zilikuwa safi kabisa. Kila swali lilijibiwa. Nilipozipokea mara ya kwanza nilifurahi jinsi zilivyonyooka. Sikuwaza kwamba kijiji kizima kinaweza kukosea swali moja kwa adabu.

Mtendaji wa kijiji ndiye aliyenieleza uzito wake. Alikuwa mtu mchovu, mwenye funguo nyingi kiunoni. Nilimkuta ofisini mezani akijipepea kwa faili.

"Mahindi ya msaada yanagawiwa kwa kufuata hizo namba," akasema. "Vijiji vyenye hali mbaya kwanza. Sisi tumo mwisho. Kwa hiyo tuseme hatumo."

"Na ukiwaambia kwamba si kweli?"

"Nimewaambia huko wilayani. Wakaniuliza, mtendaji, wewe ni mmoja, wananchi wako ni wengi, tumwamini nani?" Akacheka bila furaha. "Wananisomea karatasi ya watu wangu mwenyewe. Lakini wewe unazijua lugha zao. Andika."

Nikaandika barua ya kuomba uhakiki. Siku mbili nilikaa na ukurasa mmoja, nafuta, narudisha, naogopa kwamba koma iliyokaa vibaya itawanyima watoto chakula. Huo si mzaha, ndivyo nilivyofikiri hasa. Mwisho mtendaji alininyang'anya karatasi akaituma. Jibu likaja: atafika mhakiki mmoja, atatembelea kaya chache zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, na majibu ya kaya hizo ndiyo yatakayoamua. Kwenye orodha ya kaya hizo nyumba ya mama mkubwa ilikuwamo.

Basi darasa letu likabadilika. Niliacha wastani na asilimia, tukaanza kujifunza kujibu. Nikawaambia, "Mie ndiye mhakiki. Nakuuliza wewe, dada: wiki hii kuna siku mmepunguza mlo?"

"Hatujambo, tunashukuru."

"Dada!"

"Nimesahau! Uliza tena."

"Wiki hii kuna siku mmepunguza mlo?"

Akafunika mdomo kwa upindo wa kanga. "Jamani, siwezi. Mbele ya watu hivi?"

Siku tatu nzima hali ikawa hiyo. Walielewa chati kuliko nilivyotarajia. Walijua kwamba nguzo ndefu ndiyo inayowanyima mahindi, waliweza hata kunionyesha ingefupika kiasi gani kama kaya kumi zingesema kweli. Lakini swali likishawafikia usoni, ulimi ulikwenda wenyewe kwenye shukrani. Nilikuwa narudi nyumbani nimeuma kucha mpaka kwenye nyama, nikihesabu moyoni nani ataweza na nani hataweza.

Siku ya nne akaingia fundi cherehani. Ni Mnyamwezi aliyeolewa pale zamani, na Wakwere, wenyeji wa hapa, ni watani wake, kwa hiyo ana ruhusa ya kumtukana mtu yeyote kijijini na hakuna anayekasirika. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nasikia mnafundishwa kusema mna njaa. Kwani ni siri? Jana nimewaona mnamzika mzee wenu kwa chai ya rangi! Hata maharage hakuna! Maiti mwenyewe aliona aibu, ndiyo maana mlimzika upesi."

Ghala likalipuka kwa vicheko.

"Toka hapa!" mama mkubwa akamrushia kiroba. "Babu yako alipita njia hii na pembe ya tembo kichwani, ndiyo maana mpaka leo shingo hamna!"

"Pembe alibeba, lakini alikula! Wewe umekula nini leo?"

"Nimekula majani kama mbuzi wa baba yako!"

"Na jana?"

"Jana sikula kitu, ulitaka nikule wewe? Una nyama gani?"

Nilibaki nimesimama na kalamu hewani. Alikuwa amejibu. Mama mkubwa, mbele ya watu wote, alikuwa amejibu maswali mawili ya dodoso, na alikuwa anacheka. Fundi akazunguka ghala akimuuliza kila mmoja kwa matusi, na kila mmoja akamjibu kwa matusi yenye ukweli ndani yake. Wamepunguza mlo. Wanakula mara moja. Mmoja amewapeleka watoto kwa bibi yao Msata kwa sababu hiyo hiyo. Niliandika haraka mpaka mkono ukaniuma, na mara moja hiyo tu, tangu nifike, nikahisi pumzi yangu inafika chini ya kifua.

Nikampigia simu msimamizi wa mradi wetu, ambaye ofisi yake inashirikiana na wenye dodoso. Nikamweleza habari ya utani, nikamwomba fundi aruhusiwe kuandamana na mhakiki, hata kama atakaa pembeni. Alinisikiliza vizuri. Kisha akasema haiwezekani, muulizaji lazima awe yule yule kwa vijiji vyote, na swali lazima liulizwe kwa maneno yale yale, la sivyo namba haziwezi kulinganishwa. Alikuwa sahihi. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba nilijua yuko sahihi, nimelisoma mwenyewe, ningelimfundisha mtu mwingine vile vile.

"Waandae tu," akasema.

Nikamwandaa mama mkubwa. Tulirudia maswali tukiwa tunaosha vyombo, tukiwa tunakwenda kisimani. Mwisho alikuwa akinijibu sawasawa, bila kusita. Usitie shaka, akaniambia, nimeelewa, kujibu hivyo ni haki ya watoto hawa. Nikamwamini tena.

Juu ya meko, jikoni, palikuwa na mahindi ya mbegu, yamefungwa mafungu kwa maganda yake yenyewe, yananing'inia kwenye moshi ili wadudu wasiyaingie. Yalikuwa meusi kwa masizi. Nilikuwa nimeshalala chumba cha pili yake kwa muda mrefu na harufu yake imeniingia kwenye nguo. Ndiyo mbegu ya masika, na hata siku watoto walipolia hakuna aliyeinua macho kuitazama. Ile si chakula. Hata mie mtu wa mjini nilijua.

Mhakiki alifika adhuhuri. Alikuwa mtu mzima, mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono, lafudhi yake ya Pangani. Alipiga hodi, akavua viatu, akamwamkia mama mkubwa kwa kuinama, ingawa pengine umri wao haukupishana sana. Nikasikitika moyoni kwa jinsi alivyokuwa na adabu. Laiti angekuwa mkorofi!

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Karibu ukae. Umetoka mbali, jua kali hili."

Naye akakaa. Na kabla hajafungua mkoba, mama mkubwa akaingia jikoni akatoka na beseni la kunawia, kisha sinia. Ugali. Kunde zilizoungwa. Kipande cha samaki wa ng'onda kilichokaangwa.

Sikuelewa mara moja. Alfajiri nilikuwa nimesikia kinu kinatwangwa nikadhani ni kwa jirani. Kisha mvuke wa ugali ukanifikia, na ndani yake mlikuwa na harufu ya moshi. Ugali wenyewe ulikuwa na rangi ya kijivu kidogo, hata uoshe mahindi vipi masizi hayatoki yote. Niligeuza shingo nikatazama kupitia mlango wa jikoni. Juu ya meko palikuwa na kamba tu.

"Bismillah, baba, karibu. Chakula kidogo hiki, utusamehe."

"Mama, umejisumbua."

"Usumbufu gani? Mgeni ni wa kukaa na njaa?"

Akanawa. Akakata tonge. Na akiwa anakula, kwa mkono wa kushoto, akafungua simu juu ya goti ili asipoteze muda, akaanza kuuliza. Alimuuliza vizuri, neno kwa neno. Na mama mkubwa, Mungu amjalie, alijaribu. "Ndiyo, baba, kuna siku tunapunguza," akasema. Lakini alisema huku akimsogezea kunde. "Ndiyo, kuna siku tunalala hivyo hivyo," na huku anamwambia ale samaki, asiache samaki. Mhakiki akawa anamtazama, anatazama sinia, anamtazama tena. Nikaona kidole chake kinasita juu ya kioo. Halafu likaja swali la yale yaliyoliwa leo katika kaya: nafaka, kunde, samaki. Hakuwa na haja ya kuuliza. Vilikuwa mbele yake. Akaweka alama, moja, mbili, tatu.

Wajukuu walikuwa wamesimama kwenye kona ya nyumba. Hawakuomba. Walikuwa wanatazama mkono wake unavyokwenda.

Nikasema, "Hiyo ni mbegu."

Mhakiki akainua kichwa.

"Huo ugali. Ni mbegu ya masika. Hakuna mahindi mengine ndani ya nyumba hii. Ameitwanga alfajiri kwa sababu wewe unakuja."

Uso wa mama mkubwa ulifungwa. Hakuniangalia. Akasema kwa sauti ile ile laini, "Kula, baba. Usimsikilize. Huyu amekulia mjini, hajui kukaa na watu."

Na mhakiki akala. Ningependa kusema kwamba aliacha, lakini yeye naye ni mtu wa pwani, alijua kwamba akirudisha tonge kwenye sinia atakuwa amemvua mama yule nguo mara ya pili. Alikula polepole, macho chini, kama mtu anayemeza dawa. Aliacha nusu, akasema ameshiba, akaomba watoto wamalizie baraka. Nikamfuata mpaka kwenye pikipiki.

"Umeandika?" nikamuuliza.

"Hakuna mahali pa kuandika mbegu, binti. Lipo swali la nafaka. Nafaka imeliwa."

"Andika kwenye maoni."

Akaandika kwenye maoni, akanionyesha. Nikamshukuru, ingawa nilijua maoni yanakwenda wapi. Kwenye duka la kopi nilikuwa naletewa majedwali ya watu niyasafishe, na safu ya kwanza niliyokuwa nafuta ni ya maoni. Ilikuwa inaharibu mpangilio.

Tangu siku hiyo mama mkubwa hakuzungumza nami. Nikimwamkia aliitikia, kwa kuwa shikamoo haikataliwi, kisha basi. Nikahamia kwa fundi cherehani, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha wa kunifanyia. Sikuweza kula hata kile kidogo alichonipa. Nilichukua dodoso, nikalisoma tangu mwanzo, nikatafuta kosa langu. Nilikuwa nimewafundisha watu kusoma namba, na mtu mmoja alikuwa ameelewa somo langu lote na bado akapika mbegu yake.

Kisha mhakiki akapiga simu.

"Maoni yangu wameyasoma," akasema. "Wamesikitika. Lakini wanasema hayajumlishwi. Nipatie kitu kinachojumlishwa, na upesi, kabla orodha haijafungwa."

Nilikaa na simu mkononi. Fundi alikuwa amesimama uani na jirani, wanaongea kwa sauti kuhusu mawingu. "Wewe mbegu unayo?" fundi akauliza. "Mbegu ya wapi?" jirani akajibu. "Tumeshaila siku nyingi." Alijibu hivyo akiwa anajikuna mkono, bila haya yoyote, kama mtu anayesema jembe limevunjika.

Nikatoka mbio bila viatu.

Nilikwenda nyumba kwa nyumba na swali moja, naliuliza kwa maneno yale yale kila mahali: mnayo mbegu ya mahindi ya masika? Hakuna aliyesema Alhamdulillah. Hakuna aliyefunika mdomo. Mbegu ni habari ya kazi, watu huulizana njiani. "Hatuna, mama." "Tumekula." "Imebaki ya kunde tu." Wengine walinijibu wakiwa bado shambani, wamenipigia kelele kutoka mbali. Nikachora nguzo mbili kwa mkaa nyuma ya kiroba ili nione mwenyewe kabla ya kutuma. Mistari ilipinda kwelikweli safari hii, nami sikuirudia.

Ilibaki nyumba moja. Nilisimama nje yake nikapiga hodi.

"Nani?"

Alijua ni nani.

"Karani," nikasema.

"Uliza ulichojia."

"Mnayo mbegu ya mahindi ya masika?"

"Hakuna. Aliila mgeni."

Nikaandika. Akatoka, akasimama karibu yangu, si karibu sana. Akanyoosha mkono, nikampa kile kiroba. Akakikunjua, akakitazama kwa muda.

"Hii ndefu ndiyo yetu?"

"Ndiyo."

"Sisi tusio nayo."

"Ndiyo, mama mkubwa."

Akanirudishia. "Na hao unaowapelekea," akasema, "wao wamefundishwa na nani kusoma?"

Nilipiga picha kile kiroba palepale, nikaituma pamoja na hesabu yake, na mpaka ninapoandika haya orodha haijatoka. Mvua ya kwanza ilinyesha siku mbili baadaye. Nilimwona anapita na jembe begani kuelekea shambani, hana mbegu ya kupanda, anakwenda kulima hivyo hivyo. Nikaazima jembe la fundi nikamfuata. Hakuniambia njoo wala rudi. Alianza mstari upande wake, nami nikaanza upande wangu.